Alijibu "yes" kila swali, wakampa 72

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Naandika nikiwa na karatasi mbele yangu ambayo nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Mwanangu wa kwanza, nimwite Abuu, ana miaka minane na nusu na yuko darasa la tatu. La kwanza alisoma shule ya serikali hapa mtaani, kwa Kiswahili. Mwaka jana baba yake alipata kazi nzuri, tukamhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, au ndipo yalipoonekana, sijui.

Mwalimu wake analalamika kwamba hamalizi kazi, anasahau madaftari, anainuka katikati ya kipindi kwenda kuangalia feni inavyozunguka. Wakati mwingine anazubaa tu, anaitwa mara tatu ndipo anashtuka. Mwezi wa pili shule ikatuambia tumpeleke kwa mtaalamu wanayemjua wao. Tulilipa laki tatu na nusu. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, mtoto hajatia kitu tumboni, tukafika na kuambiwa tusubiri. Akaingia saa tano kasoro. Alikaa ndani dakika hamsini. Mimi niliachwa nje, na hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya tarehe ya kuzaliwa. Ripoti ni ukurasa mmoja na nusu: kiwango cha akili 72, "uwezekano wa ulemavu wa akili", ahamishiwe kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu mkuu anataka tusaini fomu kabla ya likizo ya Juni.

Tukiwa kwenye daladala nilimuuliza, yule mama alikuuliza nini? Akasema, "Alikuwa anaongea Kizungu harakaharaka. Nikawa nasema yes." Kila swali? "Ndiyo. Ukisema yes hawakasiriki."

Shangazi, mtoto huyu namtuma dukani kwa Mangi na elfu kumi, vitu vitatu. Anarudi na chenji kamili mpaka ile mia ya mwisho, ila kitu cha tatu kakisahau. Anatengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona. Lakini ni kweli kusoma hapendi, na ni kweli hatulii. Mama mkwe anasema haya ni mambo ya kusomewa. Abuu akiwa na miaka miwili alipata malaria kali na degedege mara mbili tukalazwa, na yeye anaamini tangu hapo mtoto hakuwa sawa. Mume wangu anasema tuache yote, yeye alisoma kwa viboko na leo ni fundi mkuu wa mitambo.

La mwisho naona aibu kuliandika. Niliposoma habari za watoto wasiotulia nilijiona mimi. Nina miaka 34, ni mhasibu, nimeshabadili kazi mara nne. Mwaka huu nimeunguza sufuria tatu. Ripoti zangu za shule zote ziliandikwa neno lilelile: "ana uwezo ila hajitumi." Je, nisaini? Na mtu mzima naye hupimwa?

Mama Abuu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini. Nimeanza na hilo ili angalau leo ulale. Sababu zake ni ndefu kidogo.

Tuanze na hiyo 72, maana ndiyo iliyokunyima usingizi. Vipimo vya akili vimepangwa ili mtoto wa wastani apate 100, na chini ya 70 hivi ndipo mtaalamu anapoanza kujiuliza kuhusu ulemavu wa akili. Anaanza kujiuliza, hajamaliza. Kwanza, namba hiyo si nukta, ni eneo. Ripoti ya maana huandika kwamba uwezo wa mtoto unaangukia kati ya namba fulani na fulani, kwa sababu mtoto yuleyule akipimwa Jumatatu na Alhamisi hapati alama zilezile. Pili, namba hiyo hutokana na vipande kadhaa. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto wa umri wa Abuu, WISC-V kilichotoka mwaka 2014, kina maeneo matano: uelewa wa lugha, kuona na kupanga maumbo, kufikiri kwa mambo mapya, kushika mambo kichwani kwa muda mfupi, na kasi. Mtoto anaweza kuwa wa kawaida kabisa kwenye maumbo, akaanguka vibaya kwenye lugha kwa sababu lugha yenyewe ndiyo kwanza anajifunza. Ukivijumlisha vyote utoe namba moja, umechanganya bei ya kitunguu na bei ya nyama ukasema hii ndiyo bei ya sokoni.

Na hao watoto ambao Abuu analinganishwa nao ni nani? Viwango vya WISC-V vilitokana na watoto 2,200 wa Marekani. Sisemi kipimo hakifai. Nasema anayekitumia Dar es Salaam, kwa mtoto aliyeanza shule kwa Kiswahili, anatakiwa ayaandike hayo kwenye ripoti, aseme alitumia lugha gani na aliyasoma majibu kwa tahadhari gani. Yako haitaji hata jina la kipimo. Ni kama majibu ya maabara yasiyosema walipima damu au mkojo.

Halafu kuna "yes". Kila mwalimu wa shule za mchepuo wa Kiingereza anaijua hiyo yes. Ni neno la kwanza mtoto mgeni analojifunza, na analitumia kama mwavuli. Mpimaji mzoefu huishtukia ndani ya dakika tano, akasimamisha kazi akatafuta mtu wa kuendelea kwa Kiswahili. Asiposhtuka, alichopima ni Kiingereza cha mtoto mwenye njaa.

Sasa rudi kwa Mangi. Kwa vigezo vya kimataifa, namba peke yake haitoshi kumwita mtoto mlemavu wa akili, hata ingekuwa 65. Lazima pia ionekane kwamba anashindwa maisha ya kila siku kulingana na umri wake: kujihudumia, kuelewana na watu, hela, usalama wake barabarani. Taarifa hizo hazipatikani kwa mtoto aliyefungiwa chumbani. Zinapatikana kwa mama, na mama aliachwa nje kwenye benchi. Kwa hiyo mtu aliyeandika "uwezekano wa ulemavu wa akili" hakuwa na nusu ya ushahidi anaotakiwa kuwa nao. Mimi kwenye barua yako nimepata ushahidi zaidi yake: mtoto wa miaka minane anayerudisha chenji ya elfu kumi bila kukosea, ila kitu cha tatu kimempotea njiani. Hesabu iko salama. Kushika mambo kichwani ndiko kwenye walakini, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hilo gari la waya nalo usilidharau. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza. Aliwapa maumbo ya kuiga. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi wakatoka sare. Uwezo ni uleule wa kuona umbo na kulirudia. Kilichobadilika ni kitu walichopewa mkononi. Nikikutana na mtu anayepima watoto wetu kwa penseli tu, nakumbuka usukani unaokata kona.

Wapo waliolifanyia kazi jambo hili hapa kwetu Afrika Mashariki. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kwa vitu ambavyo mtoto wa pale anavijua na kwa lugha ya nyumbani kwake, wakakichapisha mwaka 2008. Ni cha watoto wa chini ya miaka mitatu, hakimfai Abuu. Nakitaja ili mtu asikwambie kwamba haiwezekani kupima kwa lugha ya mtoto.

Sasa nikukosoe kidogo. Umeiandika degedege kama jambo la kupita, ndani ya maneno ya mama mkwe. Mama mkwe hapo kashika kitu, ingawa dawa yake si yangu. Degedege la homa ya kawaida kwa watoto wengi hupita bila kuacha alama. Malaria kali yenye degedege ni jambo tofauti. Watafiti wa hukohuko Kilifi wameifuatilia kwa miaka mingi, na baadhi ya watoto walipona wakabaki na shida za lugha, umakini au kumbukumbu, wengine na kifafa. Na kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anazubaa sekunde chache, macho yanaganda au kope zinapepesa, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe umeandika anaitwa mara tatu. Akizubaa nyumbani, mguse bega. Anayeota ndoto za mchana atarudi; aliye kwenye kifafa hicho hatarudi mpaka kimalizike. Mrekodi kwa simu, daktari atakushukuru. Huenda akaagiza kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, ambacho hakiumi. Na kama kwenu kuna selimundu na mtoto hajapimwa, lisemeni hilo pia, kwa sababu selimundu huweza kuleta kiharusi cha kimya ambacho dalili yake ya pekee ni mtoto kurudi nyuma darasani.

Masikio na macho vije kabla ya yote. Hapa nina deni langu. Nikiwa mwalimu kijana nilimchapa mtoto karibu mwaka mzima kwa kutonisikiliza. Alikuwa hasikii sikio la kushoto, na mimi mwenyewe ndiye niliyemketisha dirishani upande wa kulia wa darasa, sikio bovu likaelekea ubaoni nilipokuwa nasimama. Aligundua muuguzi aliyekuja kutoa chanjo. Kama Abuu alishawahi kutokwa usaha masikioni, au anakoroma usiku na kuamka amechoka, mwambie daktari wa masikio, pua na koo.

Kuna jaribio moja unaweza kulifanya mezani kwako leo jioni. Tafuta kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili. Msomee hadithi moja wewe, muulize imesema nini. Kesho yake mpe nyingine kama hiyo asome mwenyewe. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika ba-be-bi-bo-bu anatakiwa ateleze. Akielewa vizuri unachomsomea, na akasoma mwenyewe bila shida, basi mzigo ni Kiingereza. Akielewa unachomsomea lakini kusoma kwake ni kwa kukwama silabi kwa silabi, hapo fikiria disleksia, yaani shida ya kusoma isiyotokana na akili ndogo. Kwa lugha kama yetu disleksia hujionyesha zaidi kwa kusoma mwendo wa kobe kuliko kwa makosa, ndiyo maana walimu hawaioni. Andika ulichokiona na tarehe. Usimpe alama.

Tathmini kamili unaipata wapi? Anzia kituo cha afya chenu, uombe rufaa kwenda idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, na useme ni kwa ajili ya mtoto. (Wasomaji wa mikoani: KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Mirembe Dodoma nako kuna idara hizo.) Jina la idara lisikutishe, na wala usimwambie jirani kama hutaki. Tarajia kwenda zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza huenda mtoto asiguswe kabisa. Utaulizwa wewe, tangu mimba, uzazi, alilia lini, alitembea lini, maneno ya kwanza, hayo malaria. Utapewa hojaji, na mwalimu wake atapewa yake. Hojaji ya mwalimu ni muhimu kuliko unavyodhani. Ile hali ya kutotulia na kukosa umakini tunayoijua kwa herufi zake, ADHD, haikubaliwi kwa malalamiko ya sehemu moja. Dalili zionekane nyumbani na shuleni pia, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na kwa mtoto ziwe angalau sita katika kundi la dalili tisa. Mtoto anayeruka darasani tu, nyumbani katulia, huenda tatizo lake liko darasani. Kuhusu usonji (autism) sijaona kwenye barua yako jambo la kunipeleka huko moja kwa moja, lakini feni imenifanya niuache mlango wazi, maana baadhi ya watoto wenye usonji huvutwa sana na vitu vinavyozunguka. Waulize. Tangu mwaka 2013 vigezo vinakubali mtu awe na usonji na ADHD kwa pamoja. Zamani ilikuwa lazima kuchagua kimoja.

Ukipewa ripoti mpya, itafute lugha iliyotumika, jina la kila kipimo, alama za kila eneo, mtoto alivyokuwa siku hiyo, na mwishoni mambo ya kufanya. Hapo kwenye mambo ya kufanya ndipo laki tatu na nusu zako zinapotakiwa kwenda. "Akae mbele, apewe maelekezo moja moja, aruhusiwe kujibu kwa mdomo" ni ushauri. "Ahamishwe" ni shule kupunguza kazi.

Kwa mwalimu mkuu usiende na hasira. Mwandikie barua fupi: tumepokea ripoti, tumebaini kipimo kilifanyika kwa lugha ambayo mtoto bado anajifunza, tumeomba tathmini hospitalini, tunaomba uamuzi usubiri majibu. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mambo ya mdomo na shule huyeyuka. Mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na shule ndiyo inayopeleka taarifa za mtahiniwa. Majibu yakionyesha anahitaji, wewe ndiye wa kukumbusha, mapema, si wiki ya mtihani.

Kitengo chenyewe nisikitie doa. Nimefundisha jirani na kitengo miaka sita na nimewaona walimu wa kule wakifanya kwa mtoto mmoja kazi ambayo mimi sikuwafanyia arobaini. Tathmini ya kweli ikisema Abuu anahitaji kwenda, aende. Lakini apelekwe na ushahidi.

Mama mkwe mwache asome dua zake, hazigongani na kliniki, ili mradi hakuna kuchanja, kufukiza wala kumfungia mtoto. Umwombe na yeye akusindikize hospitali. Bibi hukumbuka tarehe za ugonjwa kuliko kadi. Baba yake mwambie kitu kimoja: viboko havikumfanya fundi mkuu. Halafu nyamaza. Na hojaji ya mzazi aijaze mwenyewe, ya kwake, bila kunakili yako.

Nije kwako. Ndiyo, mtu mzima hupimwa, na aibu hapo sioni. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, karibu sawa na urefu wa mwili, na kina mama wengi hujitambua siku wanapojaza fomu ya mtoto. Wasichana wa enzi yako hawakuwa wanaruka juu ya madawati. Walikuwa wanaangalia dirishani, na walimu, mimi nikiwemo, tuliandika "hajitumi". Shirika la Afya Duniani lina hojaji ya watu wazima yenye maswali 18. Ukiyajibu utajua kama inafaa kwenda mbele, lakini hojaji si cheti. Kwa aliyefika miaka 17 na kuendelea dalili tano zinatosha badala ya sita, ila daktari atataka ushahidi kwamba zilikuwepo kabla ya miaka 12. Zile ripoti zako za shule ndizo ushahidi, usizichome. Atataka pia kuondoa mengine yanayofanana: tezi ya shingo, upungufu wa damu, sonona, usingizi wa mama anayeamka saa kumi kila siku. Sufuria tatu na kazi nne zinaweza kuwa ADHD, na zinaweza kuwa uchovu wa mtu anayebeba nyumba. Mwajiri wako hana haki ya kujua kwamba umekwenda. Ila nenda kwa tarehe yako mwenyewe, si siku ya Abuu, maana nakujua: ukiingia naye utamzungumzia yeye tu.

Siku yake ikifika, mwambie jioni kwamba hakuna kufaulu wala kufeli, na kwamba "sijui" na "sijaelewa" ni majibu mazuri kuliko yes. Myafanyie mazoezi kwa mzaha mkiwa mnapika. Alibebe na lile gari. Na asubuhi, hata kama foleni imefika Ubungo, ale kwanza: chai ya maziwa, chapati mbili, na yai likiwepo.

Shangazi